Ukurasa wa Nyumbani: Viluwiluwi Katika Beseni



Katika barua tulizozipokea imo moja iliyotoka Mbeya, kwa bibi mmoja mwenye watoto wanne, nayo imetufanya tuziweke kando nyingine zote. Atuambia kwamba mvua zilipokolea, watoto wake wawili wa kati, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka saba, walileta nyumbani kopo lenye viluwiluwi waliowateka katika dimbwi lililo nyuma ya shule yao, wakawatia katika beseni la kufulia. Baba yao aliporudi jioni na kuliona beseni aliamuru limwagwe mara moja. Alisema haiingii akilini watu walale ndani ya vyandarua usiku, na mchana wafuge mbu uani. Watoto wakalia. Mama akaomba muhula wa siku tatu ili atafute shauri, akatuandikia sisi. Maswali yake ni mawili: je, yafaa katika dini kumruhusu mtoto afuge kiumbe kama huyu? Na ikiwa yafaa, watunzwe vipi hata wawe vyura, kwani yeye mwenyewe hajapata kufanya kazi hiyo?

Siku tatu ni chache kwa gazeti litokalo mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo tulimjibu bibi huyu siku ile ile kwa maneno machache, nasi twaeleza hapa kwa urefu, kwani hapana shaka kwamba msimu huu wa masika mabeseni ya namna hii yamo katika nyua nyingi za Mbeya na Iringa, na kina baba wenye hasira ni wengi vile vile.

Kwanza twataka kumtetea baba. Kosa si lake peke yake. Lugha yetu nayo imechangia. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, kimewapa jina moja watoto wa viumbe wawili wasiofanana hata kidogo. Watoto wa mbu walio majini twawaita viluwiluwi, na watoto wa chura twawaita viluwiluwi. Liko neno ndubwi kwa mtoto wa chura, nalo limo katika makamusi, lakini ni wachache walitumiao siku hizi. Basi baba aliyesikia kwamba uani mwake mna viluwiluwi alikuwa na haki ya kushtuka. Lau angeinama akatazama, angeona tofauti. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba kama uzi, huja kwenye uso wa maji apate kuvuta pumzi, na akishtuliwa hujinyonganyonga na kushuka. Kiluwiluwi wa chura ni mviringo mbele kama punje ya dengu nyeusi, ana mkia mpana uliosimama wima, naye hushinda akitafuna ukijani ulioshika kingo za chombo.

Walakini tusimvunje baba moyo, kwani katika jambo moja amesema kweli. Mbu haulizi maji ni ya nani. Akiona beseni wazi atataga humo, na watoto wa chura wengi wa huku kwetu si wa kutegemewa kwamba watawala watoto wa mbu. Dawa yake ni nyepesi: kipande cha chandarua kikuukuu kifungwe kwa kamba juu ya beseni. Hewa itapita, mbu hatapita. Tena kifuniko hicho chawaokoa viluwiluwi na kuku, na chamzuia mtoto mdogo atambaaye asije akatumbukiza kichwa. Jambo hili la mwisho si dogo, maana maji ya kimo cha shubiri yatosha kumzamisha mtoto mchanga. Kwa hiyo beseni na liwekwe juu ya meza imara.

Sasa swali la dini. Wasomaji wetu wengi waijua habari ya Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik kwa mama. Alikuwa na kijidege akichezea, na kijidege kile kilipokufa mtoto akahuzunika. Bwana Mtume (s.a.w.), pamoja na shughuli zote zilizokuwa juu yake, hakupita kama asiyeona. Alimwita mtoto kwa jina lake la heshima, akamwuliza kwa maneno ya kumchangamsha habari za kijidege chake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanachuoni mmoja wa madhehebu ya Imamu Shafii, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii moja fupi, akatoa ndani yake faida sitini. Miongoni mwa waliyoyatoa maulamaa humo ni kwamba mtoto aweza kuachiwa kiumbe mdogo wa kufurahia, maadamu hamtesi.

Na juu ya chura mwenyewe yako maneno makhususi. Amepokea Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua. Ni ajabu basi kuwaona vijana wetu, hata wale watokao chuoni na juzuu zao mkononi, wakimwandama chura kwa mawe, au wakimnyunyizia chumvi ili wamtazame anavyofurukuta. Wazazi wao huwaona na kucheka. Sisi hatuoni la kuchekesha. Ngozi ya chura ni laini, nayo hupitisha maji na hewa. Chumvi juu yake ni kama moto. Mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie, twajua alivyohukumiwa. Wala hatudhani kwamba chura atasahauliwa kwa kuwa sura yake haitupendezi.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba yafaa, kwa masharti. Walishwe, maji yao yawe safi, wasizidi wawezao kutunzwa, na wakikamilika wapewe uhuru wao. Mtoto na aelezwe masharti haya kabla ya kopo kuingia nyumbani, si baadaye.

Hapa yatupasa tuseme jambo tusilolipenda sana kulisema. Miaka kadhaa iliyopita watoto wa nyumba yetu wenyewe walileta viluwiluwi kutoka kwenye mfereji wa bustani, wapata arobaini, wote katika ndoo moja ndogo. Nasi tulifurahi, tukawapongeza, tukawapa kipande cha mkate wawalishe. Hatukuwaambia kiasi gani. Watoto, kwa ukarimu wao, waliwatupia mkate asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele na yakaanza kunuka. Tuliona. Tukasema tutayabadilisha kesho. Kesho yake alfajiri, tulipotoka kutia udhu, wote walikuwa wakielea isipokuwa watatu.

Mtoto wetu wa kike, ambaye siku hizo alikuwa na miaka saba, alisimama mbele ya ndoo ile asilie. Akauliza, "Nani kawaua?"

Ulimi wetu ulikwisha kuandaa jawabu. Tulitaka kumwambia kwamba ni kudra ya Mwenyezi Mungu, kwamba kila nafsi itaonja mauti, kwamba hiyo ndiyo siku yao. Yote hayo ni kweli, na ni mara ngapi tumeyasema katika matanga na watu wakatulia. Lakini mbele ya mtoto yule ulimi ulisita, kwa sababu tulijua vema kwamba tuliyaona maji yakiharibika na tukalala. Kuileta kudra pale kungekuwa ni kuifanya pazia la uzembe wetu, na mtoto angejifunza pazia hilo akalitumia maisha yake yote. Basi tukamwambia, "Sisi tumewaua. Tuliona maji mabaya tukaahirisha." Akatutazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi wale watatu tuwabadilishie sasa hivi," akaenda kuchukua kata.

Tangu siku ile hatujapata kuwaambia watu kwamba ufugaji huu ni mchezo.

Tuje kwenye utunzaji wenyewe. Bibi yetu wa Mbeya na wengine wenye hamu wafahamu kwamba neno kubwa ni maji. Maji bora ni yale yale ya dimbwi walimotoka, au ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuulia vijidudu huwadhuru. Yakingwe katika ndoo iliyo wazi yakae siku moja au mbili kabla ya kutumika. Kila baada ya siku mbili tatu, theluthi ya maji itekwe na kumwagwa na mengine yatiwe badala yake. Yasibadilishwe yote kwa mara moja. Na idadi iwe ndogo. Sisi twaona lita moja kwa kiluwiluwi mmoja ni kipimo kizuri, maana yake beseni la lita kumi ni la kumi, si la arobaini. Waliobaki warudishwe siku ile ile.

Chakula chao ni majani. Jani la mchicha au la kabichi lichemshwe hata lilainike, lipoe, kisha kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba kitiwe, na kilichobaki kesho yake kitolewe. Mkate tumekwisha kuueleza.

Beseni liwe kivulini. Wakaao Mbeya mjini, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, wasishangae wakiona mambo yanakwenda polepole, kwani baridi huchelewesha makuzi ya kiumbe huyu. Binamu zao walioko Kyela, kule chini ukingoni mwa ziwa kwenye joto, huenda wakaona miguu imeota huku wao wakingali wanangoja. Tena aina nazo hutofautiana. Wako vyura ambao watoto wao hukamilika kwa wiki tano au sita, na wako wale wa vijito vya baridi ambao watoto wao hukaa majini miezi mingi. Mtoto asiye na subira na achague dimbwi, asichague kijito.

Nasi twapenda watoto wawe na daftari. Kila siku baada ya chakula cha mchana waandike waonacho, hata kama ni neno moja. Wataona miguu ya nyuma ikichomoza kwanza, midogo kama nywele mbili. Ile ya mbele hukua kwa siri chini ya ngozi, kisha hutokeza kwa ghafla, pengine mmoja leo na wa pili kesho, na mtoto hudhani kiluwiluwi wake ni kilema. Kuanzia hapo kiluwiluwi haachi kubadilika kwa saa moja. Mdomo wake mdogo wa kukwangulia hupotea na kinywa kipana hupasuka mahali pake. Utumbo wake mrefu wa mla majani hufupika ukawa wa mla nyama. Matamvua hukoma kazi na mapafu huanza. Katika siku hizo hali chochote, wala asilazimishwe. Mkia wake, ambao watu wengi hudhani hukatika ukaanguka, haukatiki; mwili huuyeyusha na kuutumia kama akiba. Ni kama msafiri aliyefunga masurufu yake kiunoni.

Siku miguu ya mbele itokapo, maji yapunguzwe na jiwe liwekwe limeinamia, apate kupanda. Asiye na mahali pa kupanda huzama, naye ni chura! Jambo hili huwashangaza watoto kuliko yote.

Kitu gani humwamuru kiluwiluwi abadilike? Swali hili lina jawabu, na jawabu hilo lawahusu sana watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1912 mtaalamu aitwaye Gudernatsch alitangaza kwamba aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingoni iliyotolewa kwa wanyama, nao wakageuka vyura kabla ya wakati wao, wadogo mno. Wengine waliokuja baada yake waliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo, nao wakaendelea kukua na kukua wakiwa viluwiluwi, wasiwe vyura kamwe. Tezi ile ndiyo itoayo amri, nayo haiwezi kuitoa pasipo madini joto. Na tezi hiyo hiyo, ifanyayo kazi kwa madini hayo hayo, imo shingoni mwa kila mmoja wetu.

Wazee wa Mbeya na Iringa hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanazikumbuka shingo zilizovimba kwa rovu, au goita kama wengi waiitavyo, katika vijiji vya milimani, ambako mvua za miaka na miaka zimeyaosha madini joto kutoka ardhini. Wanakumbuka pia jambo lililo zito kuliko uvimbe: mimba zilizoharibika, na watoto waliozaliwa wakadumaa mwili na akili. Tangu mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizodhurika zaidi, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Hata leo mama anunuapo chumvi sokoni na aangalie kwamba paketi imeandikwa kuwa ina madini joto, na akifika nyumbani aiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi. Mtoto aliyekwisha kuona kwa macho yake kiluwiluwi akigeuka ataelewa kwa nini mama yake hanunui chumvi ya bei rahisi isiyo na alama. (Ila asije mtoto mwerevu akaitia chumvi hiyo katika beseni ili kuwaharakisha. Atawaua.)

Machache juu ya usafi, nayo tutayapita upesi. Beseni na kata za viluwiluwi zisiwe zile za kutawadhia wala za kupikia. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa maji yao, na chura mkubwa akishikwa mtu asijipanguse macho, kwani tezi zilizo nyuma ya macho ya chura wengine hutoa utomvu unaowasha. Watoto wasiende peke yao mtoni, wala wasiingie miguu mitupu katika maji yaliyosimama, kwa ajili ya kichocho. Mtu mzima afuatane nao, na kopo lifungwe kwenye fimbo.

Tumefikia sharti la mwisho, nalo ndilo lenye kusahauliwa. Vyura hawa wachanga hula wadudu hai, wadogo, na wengi. Hapana nyumba iwezayo kuwapa. Kwa hiyo mkia ukisha kwisha, warudishwe jioni, wakati wa unyevunyevu, mahali pale pale walipotekwa. Watoto hupenda kuuliza: kwani tusiwapeleke kwenye bwawa zuri zaidi? Au tuwagawie jirani? Au, kwa kuwa twakwenda likizo kwa bibi Iringa, tuwachukue tukawaachie katika Ruaha Mdogo? Jawabu ni hapana kwa yote matatu, nasi twataka mtoto aelezwe sababu yake kwa kisa kilichotokea katika milima yetu wenyewe.

Katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, mto Kihansi huporomoka katika bonde jembamba lenye maporomoko makubwa. Rasharasha ya maporomoko hayo ililowesha mchana na usiku vipande vya nyasi na kuvumwani ambavyo vyote pamoja havikufika hata eneo la mashamba machache ya mahindi. Mwaka 1996 wataalamu walikuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita tatu, ambaye hakuwa akijulikana mahali pengine popote duniani. Naye ana jambo la pekee: hana kiluwiluwi. Mama hulea wanawe tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, wa milimita tano tu.

Wakati huo huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu ya maporomoko. Mwaka 2000 mitambo ilikuwa ikifanya kazi, nayo hutoa megawati 180. Hatutaki msomaji adhani kwamba twaulaumu umeme. Huenda taa ituangaziayo tuandikapo haya yatoka huko huko, na watoto wangapi husoma kwa nuru yake. Lakini sehemu kubwa ya maji iliondolewa mtoni ikapelekwa kwenye mitambo, na rasharasha ikakoma. Watu wenye busara walitambua hatari. Mwaka huo wa 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili mbegu isipotee. Bondeni nako pakawekwa mipira ya kurushia maji ili kuigiza rasharasha. Ikafaa. Katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu mengi tena, na watu wakashukuru.

Miezi michache baadaye wakatoweka. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miongoni mwa sababu zilizoshukiwa ni kuvu lisiloonekana kwa macho, ambalo hushika ngozi ya chura na kumzuia asipitishe maji na chumvi za mwili. Wataalamu huliita kitridi. Kuvu hili limeangamiza vyura katika mabara mengi, nalo husafiri ndani ya maji, katika tope la viatu, na juu ya ngozi ya chura ambaye yeye mwenyewe huenda haumwi. Haijathibitika nani aliyelileta Kihansi. Pengine lilikuja na buti la mtu mwema. Mwaka 2009 chura wa Kihansi aliandikwa rasmi kwamba hayupo tena porini.

Wale wa Marekani walilelewa kwa taabu kubwa, huko Bronx na katika bustani ya Toledo, jimbo la Ohio. Mwaka 2010 mia moja kati ya wajukuu zao walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Wageni waingiao kule husafisha viatu vyao kwa dawa kwanza. Ndiyo sababu tumewaambia watoto wasiwahamishe vyura wao kutoka dimbwi hadi dimbwi, hata kwa nia njema, wala maji ya beseni wasiyamwage mtoni. Yamwagwe juu ya ardhi kavu, mbali na kijito.

Mtoto wa Mbeya asione wivu kwa habari ya Iringa, kwani naye ana wake. Katika misitu ya Rungwe yuko chura mwingine wa ukoo huo huo, aliyeelezwa na Mjerumani Tornier mwaka 1905, ambaye naye huzaa watoto kamili bila kupitia kiluwiluwi. Na mwaka 2025 wataalamu walitangaza aina tatu mpya za ukoo huu kutoka milima ya nchi yetu, mmoja wao akiitwa kwa jina la Uhehe. Hawa si wa kutiwa katika beseni. Ni wa kuachwa msituni. Twawataja ili watoto wajue kwamba viumbe wa aina hii duniani ni wachache sana, na baadhi yao ni majirani zao.

Tulipokuwa tukimaliza kuandika, bibi yetu wa Mbeya alituletea habari. Walianza na kumi na wanne. Wanne walikufa katika wiki ya kwanza, kabla hawajajifunza kuyaacha maji ya bomba yakae. Kumi walikamilika, na jioni moja baada ya Alasiri baba yao mwenyewe alilibeba beseni hadi nyuma ya shule, kwa kuwa lilikuwa zito, asema mama, ingawa maji yalikuwa yamekwisha kupunguzwa. Vyura tisa waliruka mara moja nyasini. Wa kumi alibaki juu ya jiwe muda mrefu hata mbu wakaanza kuwauma, na hakuna aliyekubali kuondoka kabla yake.

Mama huyo anauliza sasa kama beseni lile laweza kurudia kazi yake ya kufulia. Naam, laweza. Lisuguliwe kwa sabuni, lisuuzwe mara kadhaa, kisha lianikwe juani siku mbili hata likauke kabisa. Kuvu lile tulilolitaja nalo haliwezi kustahimili ukavu.